Binti yetu analenga shabaha, lakini mama yake aliikimbia bunduki

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninaomba jina langu na mji wetu visitajwe. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Kigoma, na huu ni mwaka wa tisa tangu tuje Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza. Tunaishi katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, ambako ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala. Mke wangu ni Mkongomani wa Uvira. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 9, alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi pamoja na shangazi yake, siku chache baada ya watu wenye bunduki kuingia nyumbani kwao usiku. Waliobaki ndani ya nyumba ile hakuwaona tena. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, nami nilimfahamu Kasulu, nilipokuwa nikiuza daftari na kalamu. Tumejaliwa watoto watatu: binti wa miaka 14 na wavulana wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4.

Binti yetu alijiunga na klabu ya vijana ya 4-H ili afuge sungura. Mwaka jana rafiki yake wa shule alimpeleka katika kundi la kulenga shabaha la klabu hiyohiyo. Niliitia saini karatasi ya ruhusa, na mama yake nikamwambia kwamba ni michezo. Walianza na bunduki za upepo. Kiangazi kilichopita wakahamia kwenye bunduki ndogo ya risasi, ile ya kalibri .22, na hapo ndipo mtoto alipochanua. Ni binti mkimya ambaye darasani hanyooshi mkono, lakini akilala kifudifudi na kushusha pumzi anakuwa mtu mwingine. Ameniletea karatasi ya shabaha yenye matundu matano aliyoyapiga kutoka yadi 50, na sarafu ya robo dola inayafunika yote. Ameihifadhi ndani ya kitabu chake cha hesabu.

Mwalimu wao, mama mmoja mstaafu, ananiambia kwamba mtoto ana kipaji na kwamba klabu ina bunduki 4 tu kwa vijana 11. Zote ni za mkono wa kulia. Binti yetu anaandika kwa mkono wa kulia, lakini jicho lake linaloongoza ni la kushoto, kwa hiyo mwalimu humbandikia kipande cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake ili jicho hilo lisimchanganye. Msimu unaanza mwezi wa nne, na mwalimu anasema angefika mbali zaidi kama angekuwa na bunduki yake mwenyewe. Ametaja hata ufadhili wa masomo ya chuo.

Nimeweka akiba ya dola 700. Dukani nilionyeshwa Ruger 10/22 kwa takriban dola 300, Savage Mark II yenye mtutu mnene kwa dola 350 hivi, na CZ 457 kwa dola 600. Mwalimu anasema kwamba walengaji wakubwa hutumia Anschütz ya Ujerumani, na kwamba iliyotumika inaweza kupatikana kwa dola 1,500. Mimi sijui tofauti zake. Nilipopewa moja niishike, mikono ilinitoka jasho nikairudisha haraka.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani. Mwezi uliopita mke wangu alikuwa akifua, akasikia kitu kinagonga ndani ya mashine. Alipoifungua akakuta ganda la risasi la shaba, dogo kama kifundo cha kidole cha mtoto, limetoka katika mfuko wa suruali ya binti yetu. Niliporudi asubuhi nilimkuta ameketi sakafuni mbele ya mashine, ganda limo kiganjani, nguo zimelowa. Hakulia. Aliniambia neno moja tu: “Siku bunduki itakapoingia kwa mlango, mimi nitatoka kwa dirisha.” Tangu siku hiyo hajalizungumzia tena, na binti bado anakwenda klabuni.

Ninaona kwamba anachanganya mchezo na vita, lakini sijui namna ya kumweleza. Rafiki mmoja ananishauri niinunue kimya kimya na kuiweka kwake. Mwenzangu wa kazini amejitolea kuinunua kwa jina lake, kwa sababu ombi langu la uraia bado linashughulikiwa na ninaogopa jina langu kuonekana kwenye karatasi za bunduki. Mama, kwa fedha nilizo nazo, ninunue ipi? Na nitaiingizaje nyumbani bila kumvunja mke wangu, au bila kumvunja binti yangu?

Baba mwenye mawazo, Ohio

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwa mke wako aliyeketi mbele ya mashine ya kufulia na ganda kiganjani. Nikikusikia vizuri, umebeba watu wawili unaowapenda, na kila mmoja amekukabidhi kitu dhaifu. Binti amekupa karatasi yenye matundu matano. Mama yake amekupa sentensi moja, kisha akanyamaza. Swali la duka na swali la nyumba umeyafunga katika furushi moja kwa sababu mwezi wa nne unakaribia. Niruhusu nilifungue furushi hilo polepole, kwa maana jibu la swali moja linalibadilisha lile la pili.

Nianze na maneno yako kwamba mke wako anachanganya mchezo na vita. Ninakuomba uyatazame tena. Wewe uliiona bunduki kwa karibu mara ya kwanza dukani, chini ya taa, ikiwa na karatasi ya bei, na hata hivyo mikono yako ilitoka jasho. Yeye aliiona akiwa na miaka 9, ndani ya nyumba yao, mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamealikwa. Huenda hachanganyi kitu chochote. Huenda anajua vizuri sana kwamba mwanawe anacheza, na kinachomwumiza ni kwamba kitu kile kinataka kuingia tena kwa mlango, safari hii kikibebwa na watu wake mwenyewe. Hilo haliondoki kwa kuelezwa kwamba kalibri ni ndogo.

Pia hujaniambia anachokikataa ni nini hasa, na ninashuku kwamba hujamwuliza. Kuna mtu asiyestahimili umbo la bunduki, hata iwe ya mbao. Kuna asiyestahimili mlio au harufu ya baruti katika nguo. Kuna ambaye anaweza kuyavumilia hayo yote, lakini hawezi kulala akijua kwamba kitu hicho kiko chini ya paa moja na wanawe wadogo. Na kuna mama ambaye kidonda chake ni mkono wa binti yake juu ya kifyatulio. Kila moja kati ya hayo lina njia yake. Kama ni paa, mnaweza kuzungumza juu ya kuihifadhi mahali pengine. Kama ni mkono wa binti, basi hata bunduki ya klabu inamwumiza kila wiki, na ukimya wake tangu siku ile si ruhusa. Ulimwambia kwamba ni michezo. Ulisema kweli, lakini ulimpa nusu ya habari, na nusu ya pili aliikuta ndani ya mashine.

Ushauri wa kuinunua kimya kimya unatoka kwa mtu anayekutakia mema, nami ninaelewa kwa nini unakuvutia. Hata hivyo, tazama ni nani atakayeibeba siri hiyo. Si wewe peke yako. Binti yako atalazimika kumdanganya mama yake kila Jumamosi. Isitoshe, usalama wa bunduki unategemea watu wazima wote wa nyumba kujua iko wapi, ufunguo uko kwa nani, na risasi zimefungiwa wapi. Ikitokea siku moja ikalala kwako kwa dharura, kwa sababu rafiki amesafiri au amehama, itakuwa ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka 4 na mama asiyejua. Hatari hiyo ninaiogopa kuliko nyingine zote ulizoniandikia.

Kuhusu mwenzako wa kazini, hapa nitasema bila kuzunguka kwa sababu jambo hili linagusa makazi yenu. Kila anayenunua bunduki kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya Marekani hujaza fomu ya serikali kuu inayoitwa 4473, na fomu hiyo inamwuliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Mwenzako akijibu ndiyo huku fedha ni zako na bunduki ni yako, amesema uongo ambao ni kosa la jinai, nawe umeshiriki. Kwa mtu ambaye bado si raia, kosa linalohusu silaha linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Njia unayoiogopa ndiyo iliyo halali. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua kwa jina lake. Ataandika namba yake ya uhamiaji, na duka litaangalia rekodi zake kupitia mfumo wa FBI. Mzazi anaweza pia kununua kwa fedha zake mwenyewe kitu atakachompa mwanawe zawadi, na sheria ya Ohio inaruhusu kijana aliye chini ya miaka 18 kuitumia katika michezo na mafunzo akiwa chini ya usimamizi wa mtu mzima. Wanaokatazwa kwa kawaida ni walioingia kwa viza za muda, kama za masomo au utalii, isipokuwa wachache wenye sababu maalumu kama leseni halali ya kuwinda. Fomu hiyohiyo inauliza kuhusu bangi. Watu wetu wengi hawajui kwamba, ingawa wapiga kura wa Ohio waliihalalisha mwaka 2023, sheria ya serikali kuu haikubadilika kwa ajili hiyo. Kabla hujatia saini chochote, zungumza na wakili anayeshughulikia ombi lako la uraia.

Sasa tuingie dukani.

Mimi nilipitia JKT, Ruvu, nikiwa binti wa miaka 19, na ninalikumbuka bega langu lilivyovimba baada ya siku ya shabaha. Bunduki anayoitumia binti yako ni kitu kingine kabisa. Kalibri .22 Long Rifle imekuwapo tangu mwaka 1887. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6 na kichwa chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, fataki yake, yaani kile kinachowasha baruti, imo katika ukingo wa ganda, haipigi bega, na bei yake ni ndogo. Kwa sababu hizo ndiyo shule ya walengaji karibu dunia nzima, na ndiyo inayotumika katika Olimpiki kwa umbali wa mita 50, ambako duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4. Lakini udogo wake usikudanganye. Kichwa hicho kidogo kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 kikikosa ukuta wa kukizuia, na kinaua.

Umedhani kwamba bei ndiyo ngazi, kwamba dola 300 ni mwanzo na dola 1,500 ndiyo mwisho. Kwa bunduki za aina hii sivyo. Kwa mtoto wa miaka 14 kitu cha kwanza ni umbo lake. Umbali kutoka mwisho wa kitako hadi kwenye kifyatulio, kwa bunduki nyingi za watu wazima, ni inchi 13 na nusu au zaidi. Mtoto mwenye mikono mifupi akipewa hiyo, hurudisha mgongo nyuma na kunyoosha shingo kama anayechungulia ndani ya mtungi, na hakuna mtutu wa Kijerumani utakaomponya tabia hiyo. Mwombe mwalimu ampime. Kama anahitaji inchi 12, CZ ina toleo fupi la 457 linaloitwa Scout, lililotengenezwa kwa vijana. Kitako cha Savage au Ruger nacho kinaweza kukatwa na fundi, kisha kikarefushwa kwa vipande mtoto anapokua.

Kitu cha pili umekitaja kwa kupita tu, nami ninaona ndicho kikubwa zaidi, yaani ule utepe kwenye miwani. Utepe unasaidia, na wako walengaji wazuri wanaoutumia miaka yote. Lakini kabla hujatoa hata dola moja, mwalimu angemjaribu binti kwenye bega la kushoto kwa wiki kadhaa, kwa bunduki ya upepo, aone mwili wenyewe unachagua nini. Akihamia kushoto, bunduki zote tatu ulizoonyeshwa zinabadilika thamani. Savage Mark II na CZ 457 zote zimetengenezwa pia kwa mkono wa kushoto. Ukinunua haraka ya mkono wa kulia kwa sababu ipo rafuni, unaweza kujikuta unanunua mara mbili.

Baada ya hapo ndipo tofauti za aina zinapokuwa na maana. Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, hujikoki yenyewe baada ya kila risasi. Vipuri vyake vipo kila mahali na fundi yeyote anaijua, lakini kifyatulio chake cha kiwandani ni kizito, na inamruhusu anayejifunza kupiga ya pili kabla hajaifikiria ya kwanza. Savage na CZ hukokiwa kwa mkono kila mara, na ule mwendo wa kuinua mkono wa kukokia, kuvuta na kusukuma, humpa mtoto muda wa kupumua. Kifyatulio cha Savage kinaweza kurekebishwa na mwenye nayo, na kwa bei yake inalenga vizuri kuliko sura yake inavyoahidi. CZ, kutoka Uherský Brod katika Jamhuri ya Czech, ni nzuri zaidi kwa ufundi wa chuma na mbao, na ikitunzwa huuzika tena bila hasara kubwa. Anschütz ya dola 1,500 ni chombo cha mtu aliyekwisha kujua anashindana katika mchezo gani, na sioni katika barua yako kwamba binti amefika hapo.

Nasema mchezo gani kwa sababu sheria za mashindano huchagua bunduki kabla yako. Huko kwenu Ohio, kando ya Ziwa Erie, upo uwanja wa Camp Perry, ambako mashindano ya kitaifa yamefanyika tangu mwaka 1907. Miongoni mwake kuna shindano la Rimfire Sporter, lililowekwa makusudi kwa ajili ya bunduki za kawaida za .22. Risasi ni 60, kwa umbali wa yadi 50 na 25, kwa kulala, kukaa au kupiga goti, na kusimama. Katika madaraja yake ya kawaida, bunduki pamoja na darubini yake isizidi pauni 7.5, yaani kilo 3.4 hivi, na kifyatulio kisiwe chepesi kuliko pauni 3. Ile Savage yenye mtutu mnene, ukiifunga darubini, huenda ikavuka kikomo hicho. Hata isipovuka, mtoto atakayeishikilia akiwa amesimama atatetemeka mkono kabla ya kufika risasi ya ishirini. Mtutu mwembamba wa dola hizohizo ungemfaa zaidi. Ikiwa mwalimu anafikiria mtindo wa Olimpiki wa mikao mitatu, mambo ni mengine, na huko bunduki za kuazima za klabu humfikisha kijana mbali kabla ya kununua.

Tuzihesabu zile dola 700, maana hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Akipiga risasi 100 kwa wiki, kwa wiki 40, zitakuwa 4,000. Kwa senti 10 hadi 15 kila moja, hizo ni dola 400 hadi 600 kwa mwaka, zaidi ya bei ya Savage yenyewe. Bado kuna darubini au vilengeo, vizibo vya masikio, miwani ya kinga, na kabati la chuma la kufungia. Kwa hiyo CZ ya dola 600 inakula karibu akiba yote na kumwacha mtoto na bunduki nzuri isiyo na chakula. Ukinunua, chagua risasi zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, kwa maana zile za kasi hutikisika zinaposhuka kuvuka mpaka huo hewani. Nunua boksi moja moja la aina nne au tano na umwache binti apige matundu matano matano kwa kila aina. Bunduki hizi zina mapenzi yao. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na mara nyingine boksi la dola 6 hulishinda la dola 20.

Kuna jambo la afya ambalo mke wako ana haki ya kulijua. Vichwa vingi vya .22 ni madini ya risasi matupu (lugha yetu imeviita vyote viwili kwa jina moja, na hapa ni sahihi kabisa) na moshi wa fataki nao una madini hayo. Yanaingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mama mjamzito. Binti akirudi anawe mikono na uso kabla hajala, nguo zake zifuliwe peke yake, na maganda yabaki uwanjani. Huenda hilo la maganda likawa jambo la kwanza ambalo nyote watatu mnakubaliana.

Na lipo lingine, ambalo ninaliandika kwa upole. Tangu mwaka 2020, risasi zimekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Katika vifo hivyo wamo wadogo waliochezea kilichoachwa kitandani, na wamo vijana wakimya waliokuwa na usiku mmoja mbaya na njia iliyokuwa karibu. Simsemei binti yako. Ninakwambia kwa sababu umeniandikia kwamba ni mkimya, na kwa sababu hofu ya mke wako ina ushahidi katika nchi mnayoishi leo, si Uvira peke yake. Kufungia bunduki bila risasi, risasi mahali pengine, na funguo kwa watu wazima tu, kunapunguza hatari hiyo sana. Hakuiondoi yote.

Kwa hiyo njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili ulizoziona. Binti anaweza kubaki na bunduki ya klabu msimu huu, na akiba yako ikanunua risasi, ada na safari. Hasara yake ni zamu ndefu kati ya vijana 11, na pengine kuona wenzake wakimpita. Mnaweza kununua na kuihifadhi kwenye kabati la klabu au kwa mwalimu, ikiwa sheria zao zinaruhusu, mke wako akijua kila kitu. Hapo nyumba inabaki kama ilivyo, lakini nawe unategemea ufunguo wa mtu mwingine. Mnaweza kurudi kwenye bunduki ya upepo ya mashindano, ya milimita 4.5, ambayo kwa sheria ya serikali kuu haihesabiwi kuwa silaha ya moto na ambayo mtu huweza kufanyia mazoezi kwa mita 10 hata ndani ya gereji. Timu za vyuo hushindana kwa upepo na kwa .22 pia, kwa hiyo hatapoteza muda. Lakini usidhani kwamba kwa mke wako hiyo itakuwa nafuu mpaka umwulize, kwa sababu umbo ni lilelile na itakuwa ndani ya nyumba. Na inawezekana kwamba mkizungumza mtaona mchezo wenyewe usimame kwa muda. Hilo litamwumiza binti, na atakuwa na haki ya kuambiwa sababu ya kweli.

Kuhusu ufadhili wa masomo, upo kweli, na wavulana na wasichana hushindana pamoja. Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, Mmarekani Margaret Murdock alifungana kwa alama na mwanamume, Lanny Bassham, katika .22 ya mikao mitatu, akapewa medali ya fedha baada ya karatasi zao kukaguliwa, na mwenzake akamvuta wasimame pamoja juu ya jukwaa la dhahabu. Mwonyeshe binti yako picha yao, ataipenda. Lakini vyuo vyenye timu ni vichache, na nafasi zenye fedha ni chache zaidi. Usiitumie hoja hiyo kumshinda mke wako, kwa sababu isipotimia itakuwa deni kati yenu.

Umesema shangazi aliyevuka naye ziwa, lakini hukusema kama yu hai. Kama yupo, huenda yeye ndiye anayejua maneno ambayo wewe huna. Kumpigia simu ili amsikilize mke wako ni jambo moja. Kumpigia ili aje amshawishi ni jingine, na mke wako atalitambua mara moja. Kama usiku wake umejaa ndoto au hashtuki tu kwa bunduki bali hata kwa mlango unaogongwa, tafuta mshauri wa watu waliopitia vita. Mashirika yanayopokea wakimbizi mara nyingi huwajua wanaozungumza Kiswahili. Lifanye kwa ajili yake, bunduki iwepo au isiwepo.

Nimalizie na jambo ambalo sikulipata katika barua yako. Umeniandikia anachojua binti kuhusu pumzi, utepe na yadi 50. Hukuandika popote kwamba anajua mama yake alivukaje ziwa, wala kwa nini asubuhi ile nguo zilikutwa zimelowa ndani ya mashine. Hiyo si habari yako kuitoa. Ni ya mama yake, siku atakapotaka, kwa kiasi atakachotaka. Unachoweza kufanya wewe ni kukaa naye siku usiyo na zamu, umwambie kwamba akiba ipo, kwamba hujanunua kitu, na kwamba unataka kujua siku ile mbele ya mashine aliona nini. Kisha unyamaze umsikilize. Mwezi wa nne ukifika kabla hajawa tayari, ile bunduki ya klabu bado ipo, na utepe ni wa senti chache.

Msalimie sana mama watoto.